Mama Povu na Basi la Kabatini

Karakana ya mabasi ya mji ilikuwa na mabasi arobaini, na mtu mmoja tu aliyeyagusa yote kila wiki. Huyo alikuwa mwosha mabasi, mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mpira na kicheko kinachosikika hadi getini. Walimwita Mama Povu. Hakuchukia. Alisema wapo wanaoitwa majina mabaya zaidi na hawajaosha hata sahani.

Katika mabasi yote, moyo wake ulikuwa kwa Kumi na Saba, basi kuukuu la kijani lenye mkanda wa rangi ya maziwa. Alikuwa ameliosha kwa miaka kumi na tisa. Kwa hiyo Jumatatu ile, tangazo lilipobandikwa kwamba Jumamosi Kumi na Saba litakokotwa likakatwe vyuma chakavu, alilisoma mara mbili, akaweka ndoo chini, akaenda moja kwa moja kwa Fundi Mkuu.

"Fundi, lile kabati la kioo kwenye ukumbi wa tiketi lina nini?"

"Vumbi. Na kikombe cha mpira tulichoshinda zamani."

"Toa kikombe. Nitakuletea Kumi na Saba dogo, la matofali ya plastiki, yale ya watoto."

Fundi Mkuu alikuwa mtu mrefu, mkavu wa maneno, asiyeamini hata kalenda mpaka aihesabu. "Mama Povu, pale siweki mwanasesere. Ulete Ijumaa saa nane, nitalipima kwa futi. Likilingana na basi lenyewe, linaingia. Lisipolingana, kikombe kinabaki."

"Pima mpaka uchoke, baba."

Matofali alikuwa nayo, gunia zima alilonunua mitumbani binti yake alipokuwa mdogo. Binti sasa alikuwa mshonaji, cherehani yake imekaa sebuleni kama mtu wa familia. Jioni ile alimkuta mama yake ameyamwaga matofali kwenye beseni, anayasugua kwa sabuni.

"Mama! Hata hayo?"

"Unataka nijenge basi chafu?"

Sasa kupima. Futi hakuitaka, maana futi inakupa sentimita, na sentimita huzigeuzaje ziwe matofali? Darasani alikaa miaka minne tu, na kugawanya walikuwa hawajafika. Ila brashi ya kuoshea aliijua. Kila mvuto mmoja wa brashi ubavuni mwa basi aliuhesabu mkono mmoja. Akaamua kwamba mkono mmoja wa brashi ni vipele viwili, vile vidude vya juu ya tofali vinavyoshikana na lenzake. Jumanne asubuhi akaliosha Kumi na Saba kuanzia puani, akihesabu kwa sauti. Kutoka puani hadi katikati ya mlango wa kati, mikono kumi na mmoja. Kutoka hapo hadi mkiani, kumi na mitano.

Siku mbili alijenga. Mwanya wa kila dirisha ulikuwa mahali pake. Kule ubavuni ambako basi liliwahi kukwaruza geti likabandikwa bati jingine, aliweka matofali ya kijani kilichopauka, kwa sababu bati lile halikuwahi kulingana na mengine. Ngazi za mlango zilikuwa mbili, na ya chini imeliwa kona moja, kama ilivyo.

Alhamisi mchana alilipeleka kantini. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe na dereva wa Kumi na Saba, aliacha kijiko hewani.

"Ee shemeji! Hili basi au mjusi?"

"Mjusi ni wewe."

"Tazama huo mkia! Nikikata kona nalo, mbele naenda sokoni, nyuma bado niko stendi!"

Kantini nzima ikacheka. Mama Povu naye alianza kucheka, halafu akalitazama tena na kicheko kikamkauka. Mlango wa kati ulikuwa umemkaribia dereva kabisa, na nyuma yake basi lilijivuta, likajivuta. Kesho ni Ijumaa. Na kule nje Kumi na Saba lenyewe lilikuwa limesimama, mlango wa kati katikati kweli kweli.

"Nimehesabu vizuri," alisema polepole. "Naapa nimehesabu vizuri."

"Ulihesabu ukiosha?" shemeji akauliza. Sasa hakuwa akitania.

"Nikiosha, ndiyo."

"Twende unioneshe."

Wakatoka. Safari hii Mama Povu akaanzia mkiani, na shemeji akahesabu. Kutoka mkiani hadi mlango wa kati, kumi na mmoja. Kutoka mlangoni hadi puani, kumi na mitano! Shemeji akashika kiuno. "Hili basi linanyooka lenyewe? Juzi refu nyuma, leo refu mbele!"

Mama Povu alisimama na brashi ikidondosha maji kwenye mabuti. Bega lilikuwa linamwaka. Ghafla akajipiga paja.

"Si basi, shemeji. Ni mimi! Nikifika katikati nimechoka, mkono unafupika. Miaka kumi na tisa nafupika katikati ya basi na sijui!"

Shemeji alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Mama Povu hakumsubiri. Nusu ya mbele alikuwa ameipima akiwa na nguvu siku ya Jumanne, nusu ya nyuma ameipima akiwa na nguvu sasa hivi. Kumi na mmoja na kumi na mmoja. Vipele ishirini na viwili mbele ya mlango, ishirini na viwili nyuma yake. Jioni ile alivunja mkia wote mezani pa cherehani, akaujenga upya, binti akimpasia matofali ya kijani na kumkataza kuyaosha tena.

Ijumaa saa nane Fundi Mkuu alivuta futi yake. Akapima basi kubwa, akaandika. Akapima dogo, akaandika. Akagawanya kwa kalamu, midomo ikitembea. Mama Povu alisimama mikono nyuma kama mwanafunzi mpaka futi iliporudi mfukoni.

"Pua hadi mlango, sawa. Mlango hadi mkia, sawa." Kisha akainama, akagusa kidole kwenye kile kijani kilichopauka. "Bati hili nililibandika mimi," alisema. "Sikujua kuna mtu aliliona."

"Nimeliosha kila wiki, Fundi."

Fundi Mkuu akafungua kabati, akatoa kikombe, akampa shemeji, aliyekuja kutazama, akishike. Basi likaingia, likakaa katikati ya rafu kama limefika mwisho wa safari. Shemeji akachungulia kioo, akakunja uso.

"Lakini dereva yuko wapi? Mbona kiti kitupu?"

"Yupo," alisema Mama Povu. "Ameshuka kununua sigara, abiria wanamsubiri, kama kawaida yake."

Na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, Fundi Mkuu alicheka kwa sauti.