Ng'ombe wa Awamu ya Tatu

Mwaka ule kodi yangu ilikuwa inachungwa Mwandoya, kwa baba mdogo. Usicheke kwanza. Mimi ni mkandarasi wa daraja la saba, yaani la chini kabisa: madarasa, vyoo vya shule, makalavati, mara mojamoja nyumba ya mganga. Halmashauri ikinilipa leo, kesho simu yangu haipumziki. Fundi anadai, mwenye duka la simenti anadai, shangazi ana mgonjwa, na mimi kusema hapana sikujaliwa. Hela ya benki siku hizi unaitoa ukiwa umelala kitandani, kwa kidole kimoja. Ng'ombe humtoi kwa simu. Basi kila nikilipwa nilitenga fungu la serikali, nikaenda mnadani, nikanunua ng'ombe, nikampeleka zizini kwa baba mdogo.

Nilikuwa na daftari kabisa. "Awamu ya pili: mtamba mwekundu, dume jeusi." Kodi ya mapato tunalipa kwa awamu nne, mwisho wa mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili. Mwanzo wa mwaka unakadiria faida utakayopata, ofisi ya kodi inaigawa, na mwaka ukiisha mnasahihisha. Mwezi ukikaribia nauza wawili watatu, nalipa, narudi saiti nikijiona mjanja kuliko wahasibu wote wa Bariadi. Kitu kimoja sikukipanga, na ni aibu kwa mtu aliyezaliwa kwa wafugaji: mwezi wa tatu na wa sita ng'ombe wana nyama, mwezi wa tisa wana mbavu.

Na jingine sikulisema. Baba mdogo ni mdogo wake marehemu baba. Ndiye aliyenilea, na ndiye aliyeuza ng'ombe wake nikaenda chuo cha ufundi, wakati majirani wakimwambia binti anayesoma ujenzi ataolewa na nani. Mtu kama huyo sikumwambia kwamba wale ng'ombe ni wa kodi. Nilimwambia tu, "Baba, niwekee." Akaniwekea. Maziwa yakawa ya nyumba yake, kama desturi inavyotaka, na mimi nikawa sina gharama ya mchungaji.

Mwaka huo halmashauri ilichelewa kunilipa, awamu ya mwezi wa sita ikanipita. Hela ilipoingia nikanunua ng'ombe kama kawaida, nikasema awamu hiyo nitaiunganisha na ya mwezi wa tisa, kuna shida gani? Mwezi wa tisa ukafika na zabuni ya wodi ya wazazi ikatangazwa. Kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kugusa, na ndiyo pekee iliyokuwa imebaki kwa mwaka ule. Mafundi wangu kumi na wanne walikuwa wamekaa nyumbani wiki tano. Mmoja alikuwa ameanza kuuza mkaa. Mfumo wa zabuni ulikuwa unafunga Ijumaa saa nne asubuhi, na bila cheti cha kutodaiwa kodi, klirensi kama tunavyokiita, haukupokei hata ulie damu.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa afisa wa kodi kabla hajafungua dirisha. Ni kijana wa Tanga aliyehamishiwa kwetu, mpole, Kiswahili chake kinateleza hadi unasahau kwamba anakudai.

"Dada yangu, awamu mbili na riba juu. Vyeti vya kodi ya zuio unavyo? Kila walipokulipa si walikata kidogo?"

Nilikuwa navyo vitatu, vingine sikuwahi kuvifuata. Akapunguza alichoweza kupunguza, akageuza kompyuta nione kilichobaki. 

"Ikiingia hii mpaka Alhamisi, klirensi nakupa siku hiyohiyo. Ila hela iko wapi?"

"Iko Mwandoya. Inakula majani."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Loo! Mali bila daftari hupotea bila habari."

"Daftari ninalo," nikamjibu kwa hasira. Na kweli nilikuwa nalo, mkobani.

Jumanne nikapanda pikipiki yangu. Vumbi la njia ile mwezi wa tisa linaingia mpaka kwenye meno. Nilipiga hesabu njia nzima: ng'ombe tisa, mnada ni Jumatano, nikiwauza wote inatosha kwa shida. Nilifika jua limeanza kushuka, nikamkuta baba mdogo uani anafagia mwenyewe. Mzee hafagii yule. Kulikuwa na viti vya kuazima vimepangwa ukutani.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu," akaitikia, akiniita mama kama kawaida yake. "Umewahi. Wageni ni Jumamosi."

"Wageni gani?"

Akanieleza kwa furaha, na kila neno lilinibana zaidi. Mwanawe, mdogo wangu huyu wa kiume anayemfuata binti yake mkubwa, amepata mchumba. Jumamosi wakwe wanakuja kuchukua mahari. Ng'ombe kumi na wawili. Yeye alikuwa na sita, kiangazi kikamuua mmoja, wamebaki watano. "Nikajazia saba kwenye hao wako. Si ni dada yake? Nilitaka nikupigie, nikasema mambo haya hayasemwi kwenye simu."

Nisiseme uongo, kwetu hakukosea. Ng'ombe wa mtoto wa kaka yako, aliyelala zizini kwako, ni wa ukoo. Dada anamchangia kaka na mdogo wake, na siku moja yeye au wanawe watachangiwa. Mimi ndiye niliyeleta zizini kitu ambacho zizi halikijui.

"Baba, hao ni hela ya serikali. Lazima niwauze kesho."

"Serikali itangoja. Wakwe hawangoji."

"Mfumo unafunga Ijumaa! Nikikosa wodi ile, mimi nimekwisha!"

"Nenda kawaeleze hao wa ofisini kwamba kuna harusi. Wao hawaoi?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, nimejaa vumbi na woga, nikasikia mdomo wangu ukisema kwa sauti ya saiti, ile ninayomfokea nayo fundi aliyepindisha ukuta: "Nani alikuruhusu kuhesabu mali yangu?"

 Mama mdogo, aliyekuwa anachambua mchele, aliacha ungo. Akasema polepole, bila kunitazama, "Na ng'ombe wa chuo chako, yeye alimwomba nani ruhusa kuwauza?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini sikurudisha neno langu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilisimama palepale nikiwafikiria mafundi kumi na wanne na ile saa nne ya Ijumaa. Baba mdogo akaweka ufagio chini, akaenda zizini, akaanza kuchomoa miti ya mlango mmoja mmoja. "Chagua wako," akasema. "Uwe na daftari mkononi, nisije nikakuibia."

Jumatano alfajiri aliyewaswaga mpaka mnadani alikuwa huyo mdogo wangu, bwana harusi mwenyewe. Nilimwambia nitatafuta mtu wa kumlipa. Akasema, "Dada, hawakujui hawa, watakutoroka." Tulitembea karibu saa tatu. Aliongea na ng'ombe tu.

Ukienda mnadani na haraka, wanunuzi wanaijua kabla hujafungua mdomo. Walikuja, wakabonyeza mbavu, wakacheka, wakaondoka, wakarudi na bei ya kitoweo. Kwa bei ile, ng'ombe wawili wa mwezi wa sita walikuwa sawa na watatu wa siku hiyo. Nilikuwa nimeshamkubalia mmoja kwa yule mtamba mwekundu pale mdogo wangu aliponivuta pembeni.

"Usimtoe hivyo. Ana mimba ya miezi mitano. Waambie, bei itapanda."

Nikawaambia, na bei ikapanda. Mahari yake mwenyewe ile, na alisimama juani akinisaidia nisipunjwe. Nilishindwa kumtazama usoni. Wote tisa walikwenda, na bado hela ilipungua. Alikunja kamba, akaniuliza kama imetosha, nikamdanganya kwamba imetosha.

Iliyopungua niliikopa Alhamisi kwa mwenye duka la simenti, kwa masharti nisiyopenda kuyakumbuka. Benki foleni ilifika mlangoni. Saa saba mtandao ukakatika, tukakaa tunatazamana kama wagonjwa. Nilikuwa nimeishika ile karatasi yenye namba ya malipo hadi ikalowa jasho. Saa tisa kasoro mtandao ukarudi, hela ikaingia, nikakimbia, nakuambia nilikimbia barabarani Bariadi na umri huu. Yule kijana wa Tanga alikuwa amenisubiri. Aliponikabidhi klirensi alisema, "Sasa dada, fungua akaunti ya kodi peke yake, usiiunganishe na simu. Ng'ombe waache wawe ng'ombe." Ushauri wa dakika moja. Niliufuata, na tangu siku ile sijachelewa awamu hata moja.

Ijumaa zabuni iliingia kabla ya saa nne. Baadaye nikaambiwa nimeshinda. Mafundi walipiga vigelegele, aliyekuwa anauza mkaa akaitupa baiskeli chini akanikumbatia, nikalia mbele yao, wakadhani ni furaha. Nusu ilikuwa furaha.

Jumamosi ile ya wageni sikwenda Mwandoya. Nilisikia kwa mama mdogo kwamba wakwe walifika, wakaonyeshwa ng'ombe watano, wakanywa soda, wakaaga kwa heshima. Baba mdogo aliomba wampe mpaka masika. Wakasema watafikiri. Baada ya miezi miwili yule binti wao aliolewa Lamadi, kwa mfanyabiashara wa samaki aliyetoa mahari yote taslimu.

Malipo ya kwanza ya wodi yalipoingia, nilitenga kwanza kodi, nikaiweka kwenye akaunti yake. Kilichobaki nikakipeleka mnadani. Mvua zilikuwa zimenyesha, ng'ombe wamenenepa, bei iko juu, nami sikubishana na mtu. Nilinunua tisa wazuri, nikawafikisha Mwandoya. Baba mdogo alitoka, akawatazama, akapokea salamu yangu vizuri tu.

"Hawa ni wa nani?" akauliza.

"Wa nyumba hii, baba. Hawana serikali ndani yao. Na nimekuja kuomba radhi kwa mdomo wangu."

Alimsogelea mmoja, akamgonga pembe kidogo. Halafu akasema, "Mimi yangu yamekwisha, wewe ni mwanangu. Mpelekee mdogo wako mwenyewe. Yuko kisimani."

Niliwaswaga mwenyewe mpaka kisimani, vibaya, wawili wakiniingilia shamba la pamba la watu. Mdogo wangu aliponiona alicheka, akaja akanisaidia kuwarudisha njiani. Nikamwambia ni wake, wote. Aliwapitia mmoja mmoja akiwashika mgongo, akahesabu mpaka tisa, kisha akanigeukia, wala hakuwa na hasira.

"Asante, dada. Sasa hawa nimuolee nani?"

 Nilichukua ndoo, nikaanza kuwachotea maji.