Kopo la Ndagala na Kura za Mchezaji Bora

Hii habari Rumonge nzima, huku kwetu Burundi, inaijua, kwa hiyo siiandiki ili kujitetea, naiandika kwa sababu kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, na mimi niliyeiharibu nadhani nina haki ya kuisimulia bila kuongeza (ingawa sina uhakika, labda na mimi naongeza bila kujua). Nilimvua mukwe wangu viatu mbele za watu. Basi, nimeshasema. Sasa nieleze jinsi mtu mzima anavyofika hapo.

Timu yetu ya bandarini kila mwaka ina tuzo ya mchezaji bora, na wanaochagua ni sisi wafuasi, si kocha wala komite. Zamani tuliandika majina kwenye vikaratasi, lakini mama wengi wenzangu wanaouza samaki hawaandiki vizuri, mwingine alikuwa anaandikiwa na jirani na jirani anaandika jina analolipenda yeye. Ndipo tukaamua kupiga kura kwa kokwa za mawese. Kila mfuasi anapewa kokwa moja mkononi, anaingia nyuma ya pazia la kitenge, anakuta ndoo za wachezaji, kila ndoo imefungwa jezi ya mwenyewe, anadondosha kokwa yake, anatoka. Hapo hata asiyejua herufi moja anachagua mwenyewe.

Mwaka huu walibaki wawili. Wa kwanza Fideli, golikipa, kijana wa Kigwena, na huyo ndiye aliyekuwa amemchumbia binti yangu Neema. Wa pili Byamungu, winga, aliyetoka ng'ambo ya ziwa, Kivu ya Kusini, anashusha samaki kwenye mitumbwi asubuhi na jioni anacheza mpira kama mtu ambaye hajabeba kitu. Watu walimpenda Byamungu lakini walikuwa bado wanamwita mgeni, na yeye alikuwa ameniambia siku moja akinishushia mzigo, "Mama Neema, nikipata ile kikombe, hawataniita tena mugeni." Alisema hivyo akicheka, ila sikuona cha kucheka.

Prezida wa wafuasi, Gaspari, akanichagua mimi nisimamie kura. Nikamwambia haifai, Fideli ni mukwe wangu mtarajiwa, watu watasema. Akajibu, "Mama, kopo lako soko nzima inaliamini. Weye ndiye kipimo yetu." Ni kweli, napima ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa kopo moja la maziwa ya unga tangu niliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, silibonyezi chini, sijazi karatasi ndani, naweka, nasawazisha juu kwa kiganja, nampa mtu. Sifa hiyo ilinipendeza. Nikakubali, nikasema kwa ajili ya haki mimi mwenyewe sitapiga kura.

Siku yenyewe watu wa Kigwena walifika mapema, ukoo mzima wa Fideli, shangazi yake mbele na mwavuli mwekundu, na ndio waliotuletea gunia la kokwa, maana kwao michikichi ni ya mababu. Kokwa zake kubwa, unaifunga moja mkononi na unajua umeshika kitu. Vijana wa mitumbwi walichelewa kwa sababu ndagala lazima zianikwe kwanza, na walipofika gunia lilikuwa limekwisha, tukatuma mtu kwenye mashini ya kukamua mawese hapo jirani akaleta nyingine. Hizo zilikuwa za michikichi ya kisasa, yenye nyama nyingi na kokwa ndogo kama punje za mahindi. Niliona tofauti, nisidanganye, nilizigawa kwa mkono wangu. Nikajiambia kura ni kura, kubwa au ndogo, mradi kila mtu anapata moja.

Tulipomaliza, mvua ilikuwa inakuja kutoka milima ya Kongo, ziwa limeshakuwa jeusi, watu wanapiga miluzi wanataka jina. Ndoo zilikuwa mbili na kokwa ni nyingi, kuhesabu moja moja tungelowa wote. Na hapa ndipo penyewe. Nisimsingizie Gaspari, wazo lilikuwa langu. Nilisema, "Acheni nipime kwa kopo, itakwenda haraka." Watu wakashangilia! Hakuna hata mmoja aliyesema ngoja. Nikapima ndoo ya Fideli, kopo baada ya kopo, nasawazisha kwa kiganja, nikapima ya Byamungu vilevile, na Fideli akazidi makopo kadhaa. Nilifurahi, siwezi kuficha, lakini nilifurahi nikiwa nimenyamaza.

Gaspari akatangaza. Vigelegele vya Kigwena vilifika labda hadi Kongo. Zawadi ilikuwa kikombe na viatu vipya vya mpira, na mimi sikumkabidhi Fideli kwa mkono wangu, nilimpa Gaspari ampe, kwa sababu kwetu mama mkwe na mukwe hawashikani hata mkono, hata sahani nampitishia mtu mwingine. Fideli akavaa viatu palepale, akafunga kamba mara mbili, akaanza kurukaruka. Shangazi yake akaniambia, "Murakoze cane, asante sana, mama. Umetupendelea vizuri."

Alisema kwa wema. Lakini alisema kwa sauti.

Riziki, mmoja wa wabebaji wa bandarini, akasogea kwenye ndoo. Hakupiga kelele. Alichota kokwa moja kila ndoo, akaziweka kwenye kiganja na kuninyooshea. "Mama Neema, hii na hii, iko sawa?"

Niliziangalia. Kura za Kigwena, ambazo wote tulijua zilikwenda wapi, zilikuwa kubwa. Za bandarini zilikuwa ndogo. Nilikuwa nimepima kura za watu kama ndagala.

"Ziko tofauti," nikasema.

"Anampimia mukwe!" mtu akapiga kelele nyuma. "Amemjazia kopo!" Mwingine akasema, "Basi na ndagala zetu ni vilevile!" Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Tukatandika mkeka, tukahesabu moja moja, Riziki upande mmoja na shangazi wa Kigwena upande mwingine ili pasiwe na neno, na mvua ikaanza, na hakuna aliyeondoka. Byamungu alishinda, tena si kwa kidogo. Hata shangazi hakubisha, alikunja tu mwavuli wake na kulowa kama sisi.

Gaspari akasema, "Fideli, mutoto wangu, rudisha." Fideli akarudisha kikombe. Viatu hakuvua. Alisimama ameinamisha kichwa, nadhani haikuwa ubishi, ilikuwa aibu imemganda, lakini vijana wakaanza kuimba, "Vua! Vua!" na binti yangu alikuwa pale ananitazama. Nikafikiri, aliyemvisha, kwa kopo langu, ni mimi, mwenye kosa ni mimi, basi haki ni nimalize mimi. Nikaenda, nikapiga magoti kwenye tope, nikashika kamba ya kiatu cha mukwe wangu.

Kiatu kimoja kilikuwa kimeshatoka mguuni, nimekishika, ndipo Fideli alipozinduka. "Oya, mama! Oya, hapana!" akaruka nyuma kama amekanyaga moto, akakanyaga ndoo, akaanguka chali kwenye mkeka tuliohesabia, na kokwa zote, kubwa na ndogo, za Kigwena na za bandarini, zikamwagika topeni zikachanganyika. Shangazi alijifunika uso kwa kitenge. Byamungu ndiye aliyechuchumaa akasema, "Kaka, leta mguu," akamvua cha pili, akavijaribu hapohapo. "Vinabana kidogo," akasema, "lakini nitavivaa."

Kwa muda mrefu sokoni walinicheka. Mteja anasimama mbele ya meza, "Mama, leo unapima ao unahesabu? Mie nihesabulie, moja moja." Niliwahi kumhesabia mmoja kweli, kwa hasira, tukafika mbali kabla hajaomba msamaha. Neema alikuwa anafua tu, anafua nguo zilizo safi, maana kutoka Kigwena hakukuja neno lolote, na mimi nilijua ndoa yake ilikuwa imelala pale topeni pamoja na zile kokwa.

Kisha siku moja walikuja, bila kututayarisha, wazee wao na shangazi. Tukawakaribisha, tukawapa vinywaji, mimi nimejificha jikoni kama mtu anayedaiwa. Msemaji wao akasimama, akakohoa, akasema, "Tumekuja kuzungumza mahari. Ila tuna sharti moja. Ng'ombe watahesabiwa. Hatukubali wapimwe kwa kopo." Nyumba nzima ikacheka, na aliyecheka zaidi ni shangazi, nilimsikia kupitia ukuta, na Neema akaacha kufua.

Byamungu hawamwiti tena mgeni. Wanamwita Makopo, kwa ajili ya kura ile, sijui kama ndicho alichokuwa anakitaka.

Mimi nimeapa sitasimamia tena kura ya mtu yeyote, na kopo langu haligusi kitu kingine ila ndagala. Lakini bado najiuliza kama siku ile kiganja changu kilisawazisha makopo yote sawasawa, na sipati jibu. Kokwa yangu mwenyewe, ile iliyokuwa fungu langu nikajinyima kuidondosha, niliikuta kwenye pindo la kitenge nilipofua tope. Kama ningepiga kura ningempa Byamungu. Sijamwambia mtu, maana sasa nani ataniamini.