Hakuna Mwombaji Aliyefaa

Kiwandani walimwita Mihuri, na hata mkewe, akikasirika, alimwita hivyo. Alikuwa karani wa ajira katika kiwanda cha maboksi ya dawa, mtu mwembamba wa miaka hamsini na miwili, na mezani pake mihuri sita ya mpira ilining'inia kwenye kijiti kama popo. Karatasi iliyopita mbele yake haikuondoka bila alama. Watani walisema mwanawe wa kwanza alipozaliwa, alimpokea kwa mkunga akamgonga IMEPOKELEWA pajani. Haikuwa kweli, ila hakuna aliyesikia habari hiyo akashangaa.

Sifa yake kubwa ilikuwa vibali. Kiwanda kilipotaka mtu kutoka nje, Meneja hakwenda kwa wakili. Alimwita Mihuri, naye aliijua njia ile kama mtu anavyoijua njia ya chooni kwake umeme ukikatika. Kwanza mkataba. Kisha vyeti vilivyothibitishwa, barua ya tabia njema kutoka polisi wa huko atokako mgeni, picha ya kifua kutoka hospitali, na picha ndogo saba, nyuma peupe, masikio yote mawili yakionekana, maana serikali yoyote inayojiheshimu hutaka kuona masikio. Faili likishanona hupelekwa Kamati ya Ajira. Kamati ikiridhika hutoa kibali cha kazi, kibali hutumwa ubalozini, na huko ndiko mgeni hugongewa viza. Bila kibali hakuna viza. Na bila tangazo hakuna kibali.

Hapo kwenye tangazo ndipo palipokuwa na ufundi wake. Sheria ilisema kazi itangazwe kwanza kwa siku ishirini na moja, ili mwenyeji mwenye uwezo aiombe. Asipopatikana, ndipo mgeni aruhusiwe. Ilikuwa sheria nzuri, na Mihuri aliiheshimu jinsi fundi cherehani anavyomheshimu mteja mnene: aliipima kwa uangalifu. Alichukua sifa za mgeni aliyekwisha kuchaguliwa, akashona tangazo lililomkaa yeye peke yake. Mgeni akiwa na uzoefu wa miaka saba, tangazo lilitaka saba, si sita na nusu. Angekuwa na vidole sita, Mihuri angeandika kwamba mwenye vidole sita atafikiriwa zaidi. Vibali kumi na kimoja alikuwa amevipata hivyo, na hakuna hata kimoja kilichorudishwa.

Cha kumi na mbili kililetwa na mashine. Kiwanda kilinunua mtambo wa kukunja na kugundisha maboksi, wa mtumba, kutoka kiwanda kingine kilichofungwa upande wa pili wa mji. Ulifika juu ya malori mawili pamoja na kitabu chake cha maelekezo, kilichoandikwa kwa lugha ya waliouunda na kuchanika kurasa za mwisho. Mafundi wa kiwanda waliuzunguka siku nne kama watu wanaomtazama mgonjwa wa mwenzao. Haukuwaka. Meneja akawaandikia waundaji huko ng'ambo, wakampa jina la fundi. Kuanzia siku hiyo, kabla hata hajanunua begi, fundi yule akaitwa Mtaalamu, kwa kuwa ndivyo fomu ilivyomwita.

Mihuri akashona. Miaka saba katika mtambo wa aina hiyo, wa mfano huohuo. Ujuzi wa gundi ya moto. Uwezo wa kusoma kitabu cha maelekezo katika lugha kilimoandikwa. Alipomaliza alilitazama tangazo akaridhika nalo. Na ili asihangaike baadaye, alasiri hiyohiyo akajaza kabisa fomu ya matokeo, akaiwekea tarehe ya wiki tatu mbele: *Hakuna mwombaji aliyefaa.*

Siku ya kumi aliingia mwanamke mwenye viatu vilivyopigwa kiwi juu ya nyufa. Mihuri alikuwa kwenye simu na ubalozi, ambao ulikuwa umeanza kupitia nyaraka za Mtaalamu na kusema sikio lake la kushoto halionekani vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ngoja kidogo, mama. Hapana, si wewe, namwambia mtu hapa. Sikio lipo, bwana, nimeliona kwa macho yangu."

Mwanamke akaweka barua mezani. Mkono wa Mihuri, ambao haukuwahi kumngoja mwenyewe, ukaigonga: IMEPOKELEWA, na tarehe.

"Na nakala yangu nayo, mzee, tafadhali."

Akagonga na nakala. Mwanamke akaikunja mara nne, akashukuru, akaondoka. Mihuri alipoiweka simu chini ndipo aliposoma.

Barua ilikuwa ya kurasa mbili na haikuwa na maneno ya kujisifu. Alikuwa ameuendesha mtambo huo miaka minane. Si mtambo wa aina hiyo. Huohuo, ule uliokuja kwa malori mawili, mpaka kiwanda cha kwanza kilipofungwa. Gundi ya moto anayo alama yake kwenye kiganja. Kuhusu kitabu: alikisoma kwa kamusi, neno kwa neno, kwa miaka minne, na zile kurasa za mwisho, kwa kuwa zilikuwa zimeanza kuchanika, alizinakili kwa mkono na anazo nyumbani.

Mihuri alikaa. Kiwanda kizima, kuanzia Meneja mpaka mlinzi, walikuwa wamenunua ng'ombe pasipo mmoja wao kuuliza nani alikuwa akimkamua.

Haya ndiyo aliyojiambia, na aliyakumbuka yote baadaye kwa mpangilio, maana alikuwa mtu wa kumbukumbu. Kwamba mkataba umeshatiwa saini. Kwamba Mtaalamu ameshaacha kazi kwao na ameshapigwa picha ya kifua. Kwamba Meneja hapendi kubadilishiwa. Yote yalikuwa kweli. Sababu yenyewe aliiacha ya mwisho: kwamba fomu ilikuwa imeshajazwa, ilikuwa safi, bila kosa hata moja, na vibali vyake vilikuwa kumi na kimoja kwa kumi na kimoja.

Hakuitupa barua. Karatasi yenye mhuri haitupwi. Mihuri angeweza kumdhulumu mtu, lakini si faili. Aliitoboa matundu mawili akaifunga mahali pake panapostahili, ndani ya faili la Mtaalamu, nyuma kabisa, baada ya picha ya kifua.

Mtaalamu alifika na masikio yake yote mawili, ambayo yalikuwa makubwa kiasi cha kumfanya mtu aulize ubalozi ulikuwa unatazama nini. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupeana mikono na kila mtu, wafagiaji pia. Wiki ya kwanza akamwonyesha Mihuri picha ya mkewe akiwa jikoni, akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Huyu, mwaka ujao, hapa. Wewe saidia?" Mihuri akasema atasaidia. Angesema nini?

Kibali kilikuwa cha mwaka mmoja, nacho kilikuja na sharti. Kila mgeni lazima awekewe mwenyeji wa kufundishwa kazi ile ile, ambaye fomu ilimwita mrithi. Kila baada ya miezi sita iletwe ripoti, na siku mrithi atakapofuzu, kibali cha mgeni hakitaongezwa. Mihuri alilipenda sharti hilo kama mwenye dhambi anavyolipenda sanduku la sadaka. Akampendekeza yule mwanamke. Meneja akauliza kama ana akili. "Ataweza kujifunza," Mihuri akajibu.

Basi akaajiriwa, kwa mshahara wa mwanafunzi, kufundishwa mtambo alioujua na mtu aliyekuwa hajawahi kuuona huo wenyewe. Kiwandani wakamwita Mrithi.

Asubuhi ya kwanza Mtaalamu aliuzunguka mtambo, akafungua hiki, akafunga kile, akafika kwenye kurasa zilizochanika, akakuna sikio. Mrithi alisimama pembeni, mikono nyuma, kama ilivyompasa mwanafunzi. Saa nne ikafika. Hatimaye Mrithi akainama, akakunja kipande cha boksi mara tatu, akakisukuma chini ya mguu mmoja wa mtambo.

"Mguu huu mfupi," akasema. "Usipouinua, jicho lake halioni karatasi."

Akabonyeza. Mtambo ukakohoa, ukaunguruma, ukaanza kutema maboksi. Mafundi wakacheka. Mmoja akasema, "Mtaalamu, andika hiyo, mwalimu hatarudia." Mtaalamu akatoa kijidaftari akaandika kweli. Mihuri, aliyekuwa mlangoni, akakumbuka kuwa ana simu ya kupiga.

Ripoti ya miezi sita ilipofika, aliandika kwamba mrithi *anaendelea vizuri, bado anahitaji mwongozo.* Ile barua mtu angeweza kudai kwamba aliificha kwa uzembe tu. Hii aliiandika kwa mkono wake, polepole, akiwa ameshiba.

Tangu hapo nakala ile iliyokunjwa mara nne ikahamia kichwani mwake. Aliiona kila mahali. Mrithi akitia mkono mfukoni, Mihuri aliacha kutafuna. Mrithi akisema "Habari za asubuhi, mzee," alitafuta ndani yake kitu kingine, hakukipata, na kutokipata kukamtesa zaidi. Nyumbani alianza kuacha chakula.

"Baba watoto," mkewe akamwambia jioni moja, "hicho chakula kinakutazama. Kama ni ugonjwa sema. Kama ni mwanamke sema."

"Ni mwanamke. Lakini si hivyo."

"Basi ni vibaya zaidi. La hivyo ningejua pa kuanzia."

Akamweleza yote, mpaka picha ya kifua. Mkewe alisikiliza huku akifuta meza, na meza ilikwisha kuwa safi tangu mwanzo.

"Kwa hiyo umemtoa mtu nyumbani kwake," akasema, "halafu ukamkaribisha kama mgeni, ukamletea na maji ya kunywa. Na yeye akashukuru."

"Alishukuru, ndiyo."

"Na akienda na hiyo nakala kwenye Kamati?"

"Nafukuzwa."

"Unaogopa hilo, au unaona aibu?"

Mihuri akasema ni kitu kimoja. Mkewe akasema kuoa karani ni mtihani, akainua sahani.

Mwezi wa kumi na moja wa kibali, fomu mbili zilikuwa mezani pake pamoja. Ya kwanza ilikuwa maombi ya viza ya mke wa Mtaalamu, yenye picha saba, masikio yote mawili. Viza hiyo ilitegemea kibali cha mumewe kuongezwa. Ya pili ilikuwa ripoti ya mwisho ya mrithi, ambayo ndiyo ingeamua kama kitaongezwa. Mstari wa tisa uliuliza: *Je, mrithi amefuzu?* Akiandika bado, mume na mke wangekutana, na Mrithi angebaki mwanafunzi mwaka mwingine. Akiandika ndiyo, mtu mpole aliyeacha kazi kwao kwa sababu ya tangazo la Mihuri angerudi alikotoka.

Akamwita Mrithi. Akaja na harufu ya gundi, akakaa ncha ya kiti.

"Mama, ile barua yako ya kwanza," Mihuri akaanza.

"Ilifika," Mrithi akasema. "Wewe ndiye uliyeigonga."

Mihuri akafungua faili, akapita mkataba, vyeti, polisi, picha ya kifua, akaigeuza barua imtazame mwenyewe. Mrithi aliitazama kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya zamani.

"Niliisoma siku hiyohiyo," Mihuri akasema. "Ulifaa. Niliandika hukufaa kwa sababu nilikuwa nimeshaandika. Najua unayo nakala. Ungeweza kunipeleka popote siku yoyote."

"Nakala ipi, mzee?"

"Ile uliyonipa nikaigonga."

Mrithi akafikiri. "Ile? Nilimjalidia mtoto daftari la hesabu. Karatasi yake ilikuwa ngumu." Kisha, kwa kuona jinsi uso wa karani ulivyobadilika, akaongeza, "Ulikuwa unaogopa hiyo?"

Mwaka mzima Mihuri alikuwa amejiambia kwamba anateswa na woga, na woga una heshima yake. Kila mtu ana familia. Sasa ilikuwa imeonekana hapakuwa na cha kuogopa, na kilichobaki pale kilikuwa chake mwenyewe, bila mhuri wa mtu mwingine.

"Naomba unisamehe," akasema.

"Mzee, mimi nilikuja hapa kufanya kazi. Kusamehe watu sikuandika kwenye barua." Hakusema kwa ukali. Akainyooshea kidole fomu. "Mstari wa tisa hujajaza."

Mihuri akaujaza. *Amefuzu. Alikuwa amefuzu kabla ya kuajiriwa; tazama barua iliyoambatishwa.* Akaitoa barua kwenye faili la Mtaalamu, akaibana nyuma ya ripoti. Akajua Kamati itaisoma, na itataka kujua kwa nini mhuri wa kupokelewa una umri mkubwa kuliko ile taarifa kwamba hakuna aliyefaa. Mkono ukasita juu ya kijiti cha mihuri. Mrithi alisubiri. Mihuri akagonga, Mrithi akasema ahsante, akarudi kazini kwa sababu gundi ilikuwa inapoa.

Ikabaki fomu ya mke wa Mtaalamu. Angeweza kuituma kwa tarishi, lakini aliiweka kwapani akashuka mwenyewe kiwandani.

Mtaalamu alikuwa amepiga magoti karibu na mtambo, akibadilisha kile kipande cha boksi chini ya mguu mfupi kama alivyofundishwa. Alipoliona faili akainuka, akafuta mikono haraka kwa kitambaa, kila kidole, ili asichafue karatasi.

"Viza?" akauliza. "Mke wangu, tayari?"

Mihuri akavuta stuli mbili, moja akamsogezea.

"Kaa kwanza, ndugu yangu," akasema.

Hakuna nchi ambako mtu huambiwa akae ili apewe habari njema. Mtaalamu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado cha kuokoteza, alilielewa hilo lote. Akakaa, akakiweka kitambaa magotini, akakikunja mara nne.