Fundi Aliyepuliza Chujio

Gari la mkunga liliwaka vizuri kila asubuhi, na kwenye tambarare lilikwenda bila kinyongo. Tabu ilikuwa kilima cha sokoni. Likikanyagwa mafuta pale, linakohoa, linashtukashtuka na kuishiwa nguvu, mpaka wapita njia wanampa pole. Fundi Spana aliujua ugonjwa tangu siku ya kwanza: chujio la petroli limeziba. Dawa yake ni kulitupa na kufunga jipya, basi.

Lakini yeye alilifungua, akalipuliza kwa mdomo kama mafundi wa zamani, uchafu kidogo ukatoka, akalirudisha. Wiki chache baadaye mkunga akarudi. Akalipuliza tena. Tusimhukumu haraka jamani. Tangu mkewe afariki, nyumba yake ilikuwa kimya kiasi kwamba kijiko kikianguka anaruka. Wanawe walipiga simu kwa shingo upande. Lakini mkunga huyu mstaafu, kila alipoleta gari, alikaa gereji akisimulia habari za watoto wakaidi aliowazalisha, na fundi alicheka hadi machozi. Fundi alikuwa mpweke, na upweke humfanya mtu mzima awe na ujanja wa kitoto.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku moja mkunga aliingia anang'aa.

"Fundi, kesho naenda kumwona mjukuu, ng'ambo ya milima. Naendesha mwenyewe!"

Fundi aliiona akilini ile milima, gari limezima katikati ya mpando, na lori nyuma yake. Alichomoa waya wa pampu, akaiacha injini izime yenyewe ili presha ya petroli iishe, kisha akafungua vibano vilivyoshika chujio. Alilipuliza lile chujio kwa mazoea. Pumzi haikupita kabisa. Akafunga jipya, mshale wake unaoonyesha njia ya petroli ukielekea injini.

Wakapanda kilima pamoja kulijaribu. Gari likapanda kwa raha zake. Mkunga akalitupia jicho chujio la zamani mkononi mwa fundi.

"Kumbe ni kidude hiki tu! Mbona hukukibadilisha mapema?"

"Nilidhani kitapona, mama," alijibu, akitazama nje.

"Haya, Mungu akubariki. Sasa sitakusumbua tena."

"Hunisumbui."

Mkunga alicheka, akadhani ni adabu ya biashara, akamshusha mlangoni pa gereji. Fundi alisimama akiisikiliza injini ikienda mbali. Aliiombea safari njema kwa moyo wake wote, na bado alijikuta akitamani ikohoe, hata mara moja tu.