Mtoto Aliyesema Hanijui

Mwaka 2015 nilikuwa nasuka nywele katika saluni moja ya Hillbrow, kusini mwa Afrika, na binti yangu wa pekee, mwenye miaka mitano, alikuwa anashinda kwenye chekechea huko Doornfontein. Zilikuwa wiki za fujo, wageni wanapigwa mitaani na maduka yao yanavunjwa. Siku ninayoisimulia, mtaa wetu uliamka shwari. Mchana ikavuma habari kwamba kuna kundi linakuja, mwenye saluni akateremsha mlango wa chuma na sisi tukiwa ndani, na simu yangu ikazima kwa kuishiwa chaji. Mlango ulipofunguliwa nilikwenda mbio chekechea, nikakuta kufuli.

Mwenye spaza, kile kiduka cha jirani, alinieleza yaliyotokea. Watoto wengine walichukuliwa mapema, wangu akabaki peke yake, na mwalimu akanipigia simu mpaka akachoka. Mwalimu mwenyewe anaishi mbali, Alexandra, na teksi zilikuwa karibu kusimama, kwa hiyo alimpeleka mtoto kituo cha polisi, kisha akawahi kwake. Alifanya vizuri, na hata leo simlaumu. Lakini siku ile nilimtukana kimoyomoyo njia nzima.

Kituoni nilimwona binti yangu kabla hajaniona. Alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma ya kaunta, miguu inaning'inia, mkoba wake mapajani. Askari wa kike aliyekuwa zamu alininyooshea kiganja kabla sijamaliza kusema huyo ni wangu.

"Kitambulisho, mama."

Sasa, kwetu Kongo kitambulisho cha taifa hakuna. Wazazi wetu walikuwa nacho, kikaja kikafa, na hakuna aliyekifufua. Tunachotumia ni kadi ya mpiga kura. Benki ni kadi hiyo, kwenye vizuizi vya askari barabarani ni kadi hiyo, na kumtoa maiti wako hospitali ni kadi hiyo hiyo. Mtu asiyejali kura hata kidogo atapanga foleni tangu alfajiri aandikishwe, kwa sababu bila ile kadi wewe si mtu. Yangu ilikuwa imechubuka picha, paji la uso limebaki na kidevu kimekwenda. Niliiweka kaunta pamoja na karatasi yangu ya kuomba hifadhi, ambayo ilikuwa imekunjwa mara nyingi hata ikaanza kukatika.

Askari aliigeuza kadi mbele na nyuma. Tulikuwa tunaongea Kiingereza, changu cha saluni na chake cha kazi.

"Hii ni ya kupigia kura."

"Ndiyo."

"Mimi nimekuomba ID."

"Ndiyo ID yenyewe."

"Eish, mama. Nchi gani haina ID?"

Mimi nina mdomo, saluni nzima inajua. Siku nyingine ningemwuliza kama yeye alizaliwa ameishika yake mkononi. Siku ile nilimeza.

Akachukua karatasi ya kuzaliwa ya mtoto, ya kuandikwa kwa mkono, aliyoikuta kwenye mkoba. Hapo mambo yakazidi kuharibika. Kwetu mtoto harithi jina la baba kama kiti. Anapewa lake mwenyewe, la bibi aliyefariki au la shangazi aliyemlea baba, na kila mtu ana majina matatu. Sisi tulikuwa watu watatu wenye majina tisa, na hata moja halikufanana na jingine. Nilimweleza taratibu. Askari alinisikiliza kama mtu anayesikiliza uongo uliopangwa vizuri.

"Mtoto ana jina hili, wewe una lile, na baba ana jingine kabisa. Jina la mama ni hili la kadi, lakini picha imechubuka. Baba yuko wapi?"

"Lindoni, Midrand. Wanaacha simu getini."

Nikamwomba achaji simu yangu aone picha. Akasema picha hata jirani anazo.

"Watoto wanaibwa, mama," alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Nimempigia mtu wa ustawi wa jamii. Akifika na wewe huna uthibitisho, mtoto atalala kwenye nyumba ya watoto. Ukimtaka, utamfuata mahakamani."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi. Katika jengo letu kulikuwa na mwanamke aliyehangaika miezi na miezi kumtoa mwanawe kwenye nyumba kama hiyo, na karatasi zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Niliegemea kaunta.

"Muulize mwenyewe," nilisema. "Ana akili."

Askari akamwinamia mtoto, akamwuliza kwa Kizulu, "Huyu ni nani?"

Binti yangu alinitazama. Macho yake yalipita usoni mwangu bila kutua, yakashuka kwenye mkoba.

"*Angimazi*," akasema. Simjui.

Watu wa kwenye foleni nyuma yangu wakasogea wasikie. Askari alinyooka, akaivuta kadi yangu upande wake wa kaunta na kuweka mkono juu yake. Kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilimchukia mwanangu.

Halafu nikaelewa. Alikuwa anafanya tulivyomfundisha. Katika jengo letu kila nyumba iliwafundisha watoto hivyo tangu fujo zianze: ukiwa nje usiseme Kiswahili, usiseme tunatoka wapi, ukiulizwa juu ya mama au baba mbele ya watu usiowajua, hujui mtu. Watoto walikuwa na Kizulu safi kuliko sisi, Kizulu ambacho hakimtambulishi mtu kuwa mgeni. Sisi wazazi ndio tuliokuwa tunanuka ugeni tukifungua midomo. Baba yake alikuwa akimfanyisha zoezi baada ya chakula, na akijibu vizuri tulimpigia makofi.

Basi njia ilikuwa moja. Ningemwambia kwa Kiingereza angedhani ni zoezi. Ilibidi niseme lugha ya nyumbani, kwa sauti, mbele ya foleni ile nzima, katika wiki ile. Nyuma yangu kulikuwa na wanaume ambao sikujua wamekuja kushtaki au wameletwa. Nilijua kwamba nikishafungua mdomo, kila mmoja wao atajua mimi ni nani, na mlango wa kutokea ni mmoja. Niliogopa, na nikasema.

"Mama," nilimwita, maana kwetu hata binti mdogo anaitwa mama, "sikiliza. Leo unaweza kusema. Ata tuko inje, sema tu. Ni mie njo nakuambia," yaani mimi ndiye ninayekuambia.

Akanitazama sawasawa. "Kwa nguvu?" Yaani kwa sauti.

"Kwa nguvu."

"Ulikawia," akasema, na midomo ikaanza kumcheza. "Madame wa masomo alienda. Niko na njala. Ule askari alinipa biskuti, sikukula, juu ulisemaka tusikule vitu ya batu." Kisha akalia, kilio cha kweli, akashuka benchi na kupita chini ya kaunta, akanishika miguu.

Askari hakuelewa neno hata moja. Alizunguka kaunta, akachuchumaa na kumwuliza tena kwa Kizulu huyu ni nani. Mtoto akasema ni mama yangu. Askari akauliza kwa nini mwanzo alisema hanijui.

"Kwa sababu tuko nje," mtoto akamjibu kwa Kizulu hicho hicho.

Yule mwanamke aliponyanyuka hakuniangalia. Alimpigia mtu wa ustawi wa jamii akamwambia asije, akanionyesha mahali pa kutia sahihi, akanirudishia kadi yangu.

Foleni ilitupisha. Nje, binti yangu hakunyamaza. Alikuwa amepewa ruhusa na akaitumia, akinihadithia siku yake yote kwa Kiswahili, kwa ile sauti ya kwa nguvu, barabara nzima ya kuelekea nyumbani. Mimi nilikuwa natazama nyuso za watu waliosimama milangoni. Kwenye robot, zile taa za barabarani, akanivuta mkono.

"Mama, na kesho pia tunaweza kusema?"

"Kesho tutaona," nilimwambia.

Mtoto yule alishaijua "tutaona" yangu. Alifunga mdomo pale pale, na hakusema tena Kiswahili mpaka tulipofunga mlango wa nyumba.