Malka Si Malkia

Shule niliishia darasa la pili, lakini neno langu nalijua nilivyolitamka. Nilisema malka.

Malka ni njia ya ng'ombe kushukia mtoni, inayopita katikati ya mashamba. Sisi Wapokomo wa Idsowe hatukuilima, na Waorma wafugaji hawakutoka nje yake. Hivyo ndivyo nilivyomweleza kijana wa televisheni aliyekuja kuuliza habari za kale, mwaka uliofuata mvua za Elinino. Alikunywa maziwa ya shoga yangu, mama wa Kiorma aliyeniletea kibuyu kila ng'ombe wao waliposhuka. Tulimhadithia sote wawili, tukipokezana.

Mchezo alioutunga kijana yule ulipotoka kwenye televisheni tulikwenda Garsen, kwenye hoteli yenye jenereta, mimi, shoga na mwanangu. Jamaa mmoja anaingia kabatini Nairobi, anatokea Tana ya mababu. Na hao mababu wanateka maji kwa mitungi ya plastiki ya manjano! Waorma wamevishwa shuka nyekundu za Kimasai. Hapo nilicheka. Kisha akatoka mwanamke mwenye taji, anaitwa Malka, malkia wa mto, na watu wetu na watu wa shoga wanauana kwa mikuki wakimgombania.

Shoga akanigeukia. "Ulimwambia sisi tulikuja kupora mwanamke?"

"Si ulikuwepo? Ulinisikia."

"Nilipokwenda kuswali mlibaki wawili."

Mwanangu akadakia kwa sauti, hoteli nzima isikie: "Kumbe malka ni mtu, mama! Na huyo malkia wenu kashakufa. Basi ile njia haina mwenyewe, napanda migomba."

Watu wakaangua kicheko. Mafuriko yalikuwa yameacha tope jeusi zuri mle njiani, naye alikuwa akilikodolea macho tangu maji yapungue. Alijua malka ni nini. Utotoni babake alimchapa kwa kufukia punje moja tu ya mahindi humo. Lakini sasa alikuwa na televisheni ya kumtetea.

Akapanda kweli. Nami nikachukua panga, nikafyeka migomba yote, yeye akinitukania uzee wangu kutoka ukingoni.

Ng'ombe walikuja. Walinusa vile visiki, wakapita, wakanywa. Waliletwa na mtu mwingine, simjui. Nilikaa pale pale njiani mpaka wakapanda kurudi. Kibuyu hakikuja.