Shemeji Anyoosha Viungo

Shemeji yangu ni fundi cherehani, tena hodari, akiwa macho. Shida ni hiyo ya kuwa macho. Tangu alipofunga mota kwenye cherehani yake, kiungo pekee kinachofanya kazi mwilini mwake ni kidole gumba cha mguu wa kulia. Vingine vyote vimestaafu. Akitaka mkasi humwita dada yangu, ingawa mkasi uko pale pale mbele yake. Akitaka maji hukohoa. Jua likianza kupanda, anapiga miayo mpaka kidaka tonge kinaonekana. Mimi hupiga pasi pembeni, nasikia mengi, nasema machache.

"Si uvivu huu," husema. "Ni damu. Damu yangu nzito."

"Damu nzito, maneno mepesi," hujibu dada.

Juzi tulipata kazi ya maana: sare za wafanyakazi wa hoteli. Msimamizi wao, mama asiyejua kucheka, alisema zikitoka vizuri na kwa wakati, kazi zote za hoteli zitakuwa zetu. Zikiharibika, vitambaa vinahamia kwa fundi wa mtaa wa pili. Tangu hapo dada hakupata usingizi. Shemeji alilala kwa niaba yake.

Suruali ya kwanza tu, alisinzia huku mota inakwenda, akaushona mguu mmoja ukazibika kabisa chini. Kinyozi wa mlango wa pili aliiokota, akaitazama juu chini.

"Fundi, humu tunatia mchele?"

Dada hakucheka. "Kuanzia sasa, ukimaliza vazi unasimama. Mikono juu, zungusha mabega, panda na kushuka kizingiti mpaka nikwambie basi."

"Mbele za watu, mke wangu?"

"Watu wamekuona umelala mdomo wazi, inzi wanaingia bila hodi. Leo ndiyo unaona haya?"

Akasimama. Aliinua mikono kama mtu aliyevamiwa na majambazi. Alipoanza kupanda kizingiti, magoti yalilia kama bawaba kavu. Wateja walitoka kwa kinyozi wamenyolewa nusu kichwa, wasipitwe.

"Pole pole, fundi," kinyozi alisema. "Hiyo nyumba ni ya kupanga!"

Alinuna, lakini aliendelea, maana dada alikuwa amesimama nyuma yake na mita ya mbao. Vazi la pili, akanyanyuka tena. La tatu, akanyanyuka kabla hajaambiwa. Mchana, saa zake za kukoroma, alikuwa anashona na kubishana na kinyozi kwa wakati mmoja. Uzi ulipokwisha, alikwenda kuuchukua mwenyewe. Dada alinitazama. Mimi nikaitazama pasi.

Msimamizi alipokuja, sare zilikuwa tayari. Alivuta mishono, akapindua kola, asione kasoro.

"Kesho naleta mapazia," alisema mwishowe.

Shemeji akatoa kifua. "Mama, siri ni mwili kutembea. Nimemwambia mke wangu miaka yote, lakini wanawake hawasikii mpaka waonyeshwe mfano."

Nilidhani dada atamrukia. Wapi! Alifunga furushi la sare taratibu, akalikaza kamba, akamtwika mumewe kichwani.

"Kweli kabisa, mume wangu. Basi msindikize mama mpaka hotelini. Kwa miguu."

Kinyozi alizima mashine yake ili amwone vizuri akipita.